Nilivyokabidhiwa Pamoja na Mto Wangu

Jamani, kuna aibu za kumfanya mtu ahame mtaa, na mimi yangu nimekaa nayo papa hapa Umoja miaka yote hii, naifumua na kuishona upya kila ninapoombwa niisimulie, na nikimaliza watu hucheka mpaka wanaomba maji. Kwa hiyo chekeni tu, msijizuie. Mke wangu mwenyewe huwa anacheka kuliko nyote, ingawa siku yenyewe nusura aniache, na angeniacha ningekuwa nimejitakia.

Mimi ni fundi wa nguo. Baba yangu alitoka Malindi akafikia Majengo ya Pumwani, nikazaliwa huko, nikaoa huko, na Umoja ilipojengwa tukabahatika kupata nyumba, mimi na Mama Rukia na watoto wetu wanne, nami nikaweka cherehani yangu kwenye baraza mbele ya mlango chini ya kibao nilichokiandika mwenyewe (herufi ya mwisho ilikosa nafasi, nikaiweka chini ya zile nyingine kama mtoto aliyechelewa kufika darasani). Miaka ya themanini ilikuwa imeanza tu. Nilikuwa fundi hodari, hilo hata waliokuwa hawanipendi walilikubali, lakini nilikuwa na hasira za mkizi. Mteja akisema mkono wa shati umezidi urefu, mimi namuuliza kama ni shati limezidi ama ni mkono wake uliopunguka, tunaanza, na tukianza mtaa mzima unasimama kutazama. Sigara haikunitoka mdomoni. Chai yangu nyeusi ya strungi, ng'onda, samaki mkavu wa chumvi wa kutoka pwani, kila Jumapili, na maembe mabichi ya chumvi na pilipili kwenye sahani kando ya cherehani, natafuna huku nashona, hasa baada ya futari, zile wiki za kuelekea Idi ambapo kila mtu anataka nguo yake jana.

Basi Idi moja ilipopita nikaanza kuumwa kichwa, huku nyuma kisogoni, na siku moja nikashindwa kutunga uzi kwa sababu tundu la sindano nililiona mawili. Nikaenda zahanati bila kumwambia mtu. Daktari, kijana tu mwenye miwani, akanifunga mkono, akapima, akapima tena, kisha akanitazama vile mimi ninavyomtazama mteja aliyeleta kitambaa kisichotosha.

"Mzee, una presha. Na si ya juzi."

Akaniandikia vidonge vya kumeza kila siku nisiache hata nikijisikia nimepona, akaniambia nipunguze chumvi, sigara nitupe, nitembee kwa miguu kila siku mpaka nitoke jasho, nilale vizuri. "Na hasira, Mzee. Hasira uziache."

"Niziache wapi, daktari?"

Hakucheka. Akaniambia presha ipimwe kila wiki, na kwamba si lazima nipange foleni pale, kuna muuguzi mstaafu upande wa Mowlem, Sista Kalondu, anawapimia watu nyumbani kwake.

Sasa hapa ndipo nilipofanya kosa, na lilikuwa dogo, dogo kabisa. Niliamua kutomwambia Mama Rukia.

Msinitazame hivyo. Mke wangu ni mtu ambaye mtoto akikohoa mara moja yeye hakai tena chini siku nzima. Mwaka ule ule jirani yetu mmoja alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja ukapooza, na Mama Rukia ndiye aliyekwenda kumlisha uji kwa kijiko wiki tatu, akarudi amekonda yeye kuliko mgonjwa. Nikasema, huyu nikimwambia nina presha ataugua kabla yangu. (Na tuseme kweli, nilikuwa na kiburi pia. Mtaani ukisikika una presha watu huanza kukusalimia kwa sauti ya matanga, na fundi anayesalimiwa hivyo hapati kazi ya harusi.) Nikajisemea nitatibiwa kimyakimya, nitapona, na nikishapona nitamwambia tucheke. Vidonge nikavificha kwenye kopo la vifungo. Siku moja nilimeza kifungo cha shati, cheupe, chenye matundu manne, nikakigundua kikiwa kimeshapita kooni. Hakikunidhuru.

Nikaanza maisha mapya, na nilikuwa mwanafunzi mwema, haki ya Mungu. Mezani nikionja mchuzi narudisha sahani polepole, nasema leo sina hamu, mama, nipe ndizi tu. Ng'onda nikasema inanipa kiungulia. Sigara nikaacha, na kwa kuwa nilichukia ile harufu iliyobaki kwenye nguo nikawa naoga mara mbili kwa siku na kujipaka mafuta ya asumini. Kila jioni baada ya sala ya alasiri nafunika cherehani, nachana nywele, naondoka kwa miguu, na nikiulizwa nakwenda wapi nasema "Nanyoosha miguu tu." Alhamisi navuka Barabara ya Kangundo mpaka Mowlem kwa Sista, narudi magharibi nimetoka jasho, natabasamu.

Na hasira? Hasira nazo nikaziweza. Akaja kijana mmoja, akaivaa longi yake pale pale barazani, ikaishia juu ya vifundo.

"Fundi, niaje? Hii longi umeshona ya kuvuka mto ama?"

Watu wakasogea kusubiri moto. Mimi nikafumba macho, nikavuta pumzi, nikaitoa, nikamwambia, "Umesema kweli, kijana wangu. Ilete niiongeze." Yule kijana akarudi nyuma hatua mbili. Nasikia aliwaambia wenzake kwamba fundi amekuwa hatari zaidi.

Hebu jiwekeni mahali pa Mama Rukia. Mume uliyeishi naye miaka ishirini na mitatu, ghafla hali chakula chako, ananukia asumini, ameacha sigara uliyomwomba aache tangu siku ya harusi, hapigi kelele, na kila jioni anatoka kwa miguu akirudi na furaha zake. Mwanamke yeyote wa kwetu anajua maana yake, na dini inaruhusu hata wanne.

Hakuniuliza. Kwao hawaulizi, wanavaa. Akaanza kuvaa leso za mafumbo, kila siku mpya, anapita nazo mbele ya cherehani, anageuka, anasimama mpaka maandishi yanakuwa sawasawa na macho yangu. Ya kwanza, nakumbuka sasa, ilisema UNALOLIFICHA NIMESHALIONA. Mimi ni fundi, macho yangu kwenye leso huenda kwenye rangi na pindo, maneno siyasomi. Nikamwambia, "Rangi ya zambarau imekupendeza sana, mama." Akaingia ndani akafunga mlango kwa nguvu, nami nikavuta pumzi, nikaitoa.

Lakini kilichoniangamiza kabisa ni daftari. Sista Kalondu aliniamuru niandike presha yangu kila wiki nisije nikasahau, na mimi daftari nililokuwa nalo ni moja tu, la vipimo vya wateja, kila ukurasa na jina la mtu juu. Sista alikuwa amekataa malipo, akasema nimshonee gauni la kanisani, kwa hiyo nilikuwa nimeshamwandika: *Kalondu, gauni*. Nikaona nitumie ukurasa huo huo, kila kitu cha Sista kikae pamoja. Chini ya jina nikaandika 178/112. Wiki iliyofuata 170/106. Kisha 162/100. Nikawa nafurahi kila nikifungua ukurasa ule, na Mama Rukia akaniona mara mbili natazama daftari peke yangu huku nacheka.

Akalichukua siku nilipokwenda msikitini, akampelekea Bi Zuhura. Bi Zuhura ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, muuza mahamri, shoga wa mke wangu tangu Majengo, mwanamke mnene mwenye moyo mzuri na ulimi usio na kufuli. Mazungumzo yao nilikuja kuyasikia baadaye kutoka kwake mwenyewe, na huyaigiza kwa sauti zote mbili.

"Kalondu," Mama Rukia akasoma. "Gauni. Mia na sabini na nane kwa mia na kumi na mbili."

"Inchi?"

"Inchi gani, mwenzangu, hizo zingekuwa za hema. Futi yake ya kupimia ina sentimita upande wa pili."

Bi Zuhura akahesabu kwa vidole. "Kifua mia na sabini na nane, nyonga mia na kumi na mbili? Juu lori, chini baiskeli! Anatembeaje huyo?"

Mama Rukia hakucheka, akaanza kulia. Ndipo Bi Zuhura akavaa miwani, akatazama tena, akashika kifua.

"Shoga, hebu ona. Anapungua! Wiki hii mia na sabini, hii mia na sitini na mbili. Anajikondesha! Mwanamke hajikondeshi bure. Hapo kuna harusi."

Sasa mke wangu si mtu wa kung'oana nywele barabarani. Alikuwa na shangazi yake Majengo, marehemu, aliyewahi kusikia mumewe ana mke mwingine, naye badala ya kugombana akampelekea mke mwenziwe yule mume mzimamzima, na mzigo wake, kwa ngoma, mbele za watu, na yule mume inasemekana hakuinua uso tena mpaka anakufa. Mama Rukia akasema naye atafanya hivyo hivyo, kwa adabu, kwa sare. Nyumba ya Kalondu ameshaijua, kwani alimtuma mtoto wetu mmoja anifuate Alhamisi moja, akauona mlango kwa mbali akarudi.

Na sare nani azishone? Akaniletea kitambaa barazani, jora zima la maua ya waridi mekundu na majani ya kijani, linaloonekana toka Njiru. "Baba Rukia, tushonee gauni kumi na mbili, mimi na wenzangu. Tuna shughuli."

"Shughuli ya nani?"

"Ya mtu unayemjua."

"Mungu amjalie," nikasema kwa upole wangu mpya, na nikazishona, jamani, nikazishona kwa mapenzi, marinda mabegani, pindo mbili, hakuna gauni lililonipendeza kama yale. Wakaja kujaribu mmoja mmoja, wananitazama kwa huruma. Bi Zuhura nilipomwambia limemkaa vizuri akajibu, "Litakukaa na wewe, Fundi," nami nikacheka bila kujua nacheka nini.

Kikabaki kipande cha mita moja hivi. (Ninyi mliowahi kupeleka kitambaa kwa fundi mnajua mabaki huenda wapi, na sitaki maswali.) Kwa Sista nilikuwa nafanya mazoezi, na longi ilinibana, kwa hiyo nikajishonea kaptura. Maua ya waridi, sawa, lakini nani angeiona? Niliivaa ndani ya longi, nikifika Mowlem naivua longi naitundika, nabaki na fulana na kaptura yangu, mbele ya mama mzee muuguzi aliyeona mengi maishani.

Sista Kalondu alikuwa na umri wa kutosha kuwa mama yangu, mwembamba, mfupi, sweta la bluu hata kwenye jua, kuku wanane uani na mlango wa mbele wazi siku zote. Dawa yake kabla ya kupima ilikuwa moja: ulale chali kwenye mkeka, miguu juu ya kigoda, anakuwekea tumboni mfuko wa kilo mbili za ndengu alizoletewa kutoka Machakos, unavuta pumzi polepole mpaka uone mfuko unapanda, unaitoa mpaka unashuka. Dakika kumi. "Usifikirie nguo, usifikirie wateja. Wewe fikiria ndengu." Alhamisi hiyo aliniambia, "Fundi, leo ikishuka chini ya mia na arobaini, nakupa kuku moja unachinja mwenyewe, na mimi napika." Nililala pale nikawaza ndengu na kuku, amani tele moyoni. Akanifunga mkono kwa kile kitambaa cha mashine, akavaa vile vipira vyake masikioni, akaanza kujaza upepo.

Ndipo nikasikia kwa mbali vigelegele na sinia likigongwa kwa kijiko.

Nikadhani ni harusi ya watu. Nilitabasamu macho yamefumbwa, nikasema moyoni, pengine ndiyo ile shughuli ya kina Mama Rukia, hebu sare zimewakaaje. Sauti zikakaribia. Mwimbishaji nikamtambua, ni Bi Zuhura, hakuna koo lingine kama lile kati ya Umoja na Dandora, na wenziwe wanaitikia:

"Tumemleta mwenyewe!"

"Mpokeeni!"

"Na mto wake wa sufi!"

"Mpokeeni!"

"Hatukuja kwa vita!"

"Mpokeeni!"

Nikafumbua macho, na mlango mzima ulikuwa maua ya waridi. Mbele yao Mama Rukia, wanja machoni, kichwani amejitwika sinia, na juu ya sinia mto wangu, ule wa sufi aliokuja nao nyumbani siku ya harusi yetu, juu ya mto kikoi changu, mswaki wangu, na koti langu la Idi limekunjwa vizuri. Nyuma ya wanawake kumi na mbili, nusu ya Mowlem, na watu wa Umoja waliofuata ngoma njia nzima, wamejaa mpaka kwenye ua wa kuku.

"Hodi wenye nyumba," akasema mke wangu, sauti imenyooka kama uzi. "Nimemleta mume. Nimemtunza miaka ishirini na mitatu, hana jeraha. Nani Kalondu?"

Mimi nikaruka. Ningebaki nimelala huenda ningeokoka, lakini niliruka, na mfuko wa ndengu ukaruka na mimi, ukapasuka hewani, kilo mbili zikatawanyika kwenye sakafu ya simiti iliyosuguliwa kwa nta ikang'aa. Bi Zuhura akapiga hatua moja ya kunifuata, mguu wa kulia ukaenda Njiru, wa kushoto ukabaki Mowlem, akakaa chini kwa kishindo na sinia lake, wawili waliomshika wakakaa naye, na kuku wote wanane wakaingia ndani mbio kula ndengu kati ya miguu ya watu. Nami nimesimama katikati, mpira wa mashine unaning'inia mkononi, fulana ina tundu, na kaptura.

Kisha mmoja wao, wa nyuma kabisa, akasema, "Ee! Si kitambaa chetu hicho?"

Wote wakanitazama kuanzia kiunoni kwenda chini, wakajitazama wenyewe, wakanitazama tena. Kicheko kikaanza nje dirishani, sijui ni nani, lakini kilipoanza hakikuzimika. "Fundi naye amevaa sare!" mtu akapiga kelele, na nadhani walimsikia mpaka kituo cha basi. Nilitamani ardhi ipasuke, na ardhi haikunisaidia.

Wakati wote huo Sista Kalondu alikuwa amepiga magoti pale pale, vipira masikioni, anaufuata mkono wangu popote unapokwenda, jicho kwenye saa ya mashine. Akainua kiganja. "Wamama, nyamazeni! Nahesabu." Wakanyamaza. Akatoa upepo polepole, akaguna. "Mia na tisini na nane! Fundi, umekula nini?"

"Wewe ni nani?" Mama Rukia akauliza.

"Kalondu ni mimi. Nani amekufa, mmekuja wengi hivi?"

Mke wangu akamtazama kutoka kitambaa cha kichwa mpaka sapatu. "Wewe... wewe ndiye mia na sabini na nane?"

"Mimi? Mimi ni kilo arobaini na tano nikiwa nimekula. Mia sabini na nane ni huyu, presha yake, siku ile alikuja mara ya kwanza. Leo tungekuwa chini ya mia na arobaini, mtu angekula kuku, na nyinyi mmeleta ngoma."

Naapa hata kuku waliacha kudonoa. Mama Rukia alishusha sinia kutoka kichwani polepole. Akauchukua mto akaukumbatia kifuani, na akakaa kwenye kile kigoda nilichokuwa nimewekea miguu.

"Una presha?"

"Ninayo."

"Tangu lini?"

"Tangu baada ya Idi. Sikutaka uogope."

"Sikuogopa," akasema, na machozi yakaanza kuuchafua ule wanja. "Nilikufa. Miezi miwili nimekufa, Baba Rukia, unapita mbele yangu unanukia asumini. Ungesema presha ningekupikia bila chumvi. Ni chumvi tu! Ungesema!"

Niliona aibu ya kaptura ikaondoka yote, ikaja nyingine, ya kweli, nikamkalia chini miguuni pale kwenye ndengu, nikamwomba radhi mbele ya Mowlem nzima, na Bi Zuhura, ambaye bado hajainuka, akaanza kulia kwa sauti kuliko wenyewe.

Sista aliacha watu walie kidogo, kisha akamtazama mke wangu kwa jicho la kazi. "Mama, unashikashika hapo nyuma ya kichwa. Umeanza kuumwa lini?"

"Tangu mume wangu aanze kutabasamu."

Akamlaza mkekani. Ndengu zilikuwa zimekwisha, kuku wamezila, akamwekea tumboni ule mto wangu, akatufukuza wote uani kwa dakika kumi, akapima. Mia na themanini na nne. Akampa maji, akamwacha atulie, akapima tena, ikashuka kidogo tu. "Ya leo siihesabu sana, leo kila mtu amechemka," akasema, "lakini Alhamisi unakuja tena, na ile nyingine, halafu tunaenda kwa daktari." Akageuka kwangu. "Fundi, ulikuwa unamficha ugonjwa asiugue. Sasa mko wawili."

Kuku nilichinjwa, samahani, nilimchinja (huwa nakosea hapo, kwa sababu nilijisikia mimi ndiye niliyechinjwa). Sista alisema namba ya leo imesamehewa, nami nilimchinja mwenyewe uani, kwa bismillahi na kwa kaptura, kwa maana longi yangu kuku walikuwa wameiangusha na kuikanyaga. Wakaongezwa wawili wengine, wakapikwa mchuzi wa limau na tangawizi bila chumvi hata punje, kwa amri ya mwenye nyumba, na wanawake wale kumi na mbili wakala wakiguna, wakaomba waongezewe, kisha wakapanga foleni kila mmoja apimwe presha. Bi Zuhura alikuwa mzima kama kigingi. Tulirudi Umoja wote kwa miguu jua likizama, wanaimba njia nzima wimbo ule ule ila maneno wameyageuza, sasa ni "Tumemrudisha mwenyewe," na watu wanaitikia kutoka milangoni.

Alhamisi zilizofuata zilionyesha presha ya mke wangu ni ya kweli, akapewa vidonge vyake. Tukaanza kutembea pamoja kila alasiri, na tunatembea mpaka leo, polepole siku hizi. Vidonge vyetu viko juu ya meza, kwenye kikombe, mbele ya kila mgeni. Yule kijana wa longi huwa anatuona anasema, "Sare leo iko wapi, Fundi?" nami sikasiriki, sikasiriki kabisa, navuta pumzi.

Lakini kuna jambo sikuwaambia wale wa siku ile. Usiku tuliporudi, nilipouweka mto mahali pake, nilisikia karatasi ndani ya foronya. Nikaitoa. Ilikuwa mwandiko wake, barua kwa Kalondu, ile aliyokuwa amepanga kumwachia pamoja nami na mzigo wangu. Anamwambia chai yangu iwe na tangawizi. Anamwambia nikipigiwa kelele nikiwa nakata kitambaa naharibu, anisubiri niweke mkasi. Anamwambia nisinunuliwe soksi za nailoni. Na chini kabisa, herufi kubwa, kwa mwanamke aliyeamini anamnyang'anya mume, ameandika: *Akiumwa huwa hasemi. Ukimwona ananyamaza, mwangalie.*

Karatasi hiyo ninayo, iko ndani ya daftari la vipimo, ukurasa wa Kalondu. Na tangu siku ile niliapa, na nimeshika kiapo changu: hata nikichomwa na mwiba wa samaki, kabla ya kuutoa ninamwita Mama Rukia auone. Mabaki ya kitambaa nayo nayarudisha, yote, mpaka kipande cha kufutia chaki.